Nataka tanzanite ya marehemu baba iwe pete ya uchumba, lakini masonara wananichanganya

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi wodi ya wazazi hapa Moshi. Marehemu baba yangu alikuwa mchimbaji Mererani kwa miaka mingi. Hakutajirika. Kilichobaki cha jasho lake ni jiwe moja la tanzanite ambalo alilipeleka Arusha likakatwa na kung'arishwa nikiwa bado shule ya msingi. Alilifunga kwenye karatasi, akaandika kwa mkono wake "karati 2.8", akamkabidhi mama alitunze kwa ajili yangu. Lina umbo la yai.

Mwezi wa kumi na mbili tunavishana pete. Mchumba wangu alisema haoni sababu ya kununua pete ya dukani wakati jiwe la baba lipo. Tutafute sonara atengeneze pete ya kulibeba. Nilifurahi mpaka nikalia. Tangu siku hiyo, hata hivyo, sijapata amani.

Tulianza kwa sonara mmoja wa mjini. Alilitazama jiwe harakaharaka, akasema atatumia dhahabu ya karati 22, atalinyanyua juu kwa vikucha vinne vya dhahabu ili lionekane, na kazi itakuwa tayari kwa siku mbili. Alitaka tumwachie jiwe palepale na tulipe fedha yote. Nilipoomba risiti ya jiwe akajibu kwamba pale watu hufanya kazi kwa kuaminiana. Tukaaga tukisema tutarudi.

Sonara wa pili ni mzee mwenye adabu zake. Huyu alikataa kabisa. Alisema tanzanite ni jiwe la hereni na la kidani, siyo la pete, na kwamba hayuko tayari kulivunja jiwe la marehemu halafu aje kuniangalia usoni.

Nyumbani nako kila mtu ana lake. Kaka anasema masonara hubadilisha mawe: unapeleka tanzanite, unarudishiwa kioo cha bluu. Shangazi anasema pete ya uchumba ni almasi, mawe ya rangi ni urembo tu. Mama mkwe wangu mtarajiwa, Mungu ambariki, ametoa bangili yake ya zamani ya karati 22, ina gramu 6, akasema iyeyushwe iwe pete yangu. Lakini yule mzee alikuwa ameshaniambia dhahabu ya karati 22 ni laini mno kwa pete yenye jiwe. Sasa nitamwambiaje mama wa watu kwamba dhahabu yake haifai?

Na kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Jiwe hili mchana nje ni bluu kabisa. Usiku chumbani kwa mama, chini ya balbu ile ya zamani yenye mwanga wa njano, linakuwa zambarau, na nikiligeuza pembeni naona kama linamulika wekundu. Je, baba alidanganywa? Naogopa hata kuuliza.

Nishauri mama. Nifanye pete, au niache?

Muuguzi, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuondokewa na baba, na hongera kwa kupata mwenzi aliyeona thamani ya jiwe hilo bila kuambiwa.

Nianze na hilo ulilolificha, maana ndilo linalokunyima usingizi. Kubadilika rangi hakumaanishi bandia. Tanzanite ndivyo ilivyo. Ni madini yaitwayo zoisaiti, na kinachoipa rangi yake ni vanadi iliyomo ndani. Mwanga ukipita upande mmoja wa fuwele hutoka bluu, upande mwingine zambarau, na upande wa tatu hutoka rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na ukahawia, ndipo huchomwa kwenye tanuru kwa nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, na bluu na zambarau zikatawala. Juu ya hapo, mwanga wa jua una bluu nyingi na ile balbu ya njano ina wekundu mwingi, kwa hiyo kila mwanga unaamsha upande wake wa jiwe. Kioo cha bluu ukikigeuza utakavyo, rangi ni ileile. Sikuambii kwamba kutazama kwa macho kunatosha kuthibitisha; nitakueleza mbele pa kulipeleka. Ila ulichokiona chumbani kwa mama yako ni dalili nzuri, wala si ya kuogopa.

Sasa masonara wako wawili. Yule wa kwanza msahau. Hata kama ni fundi stadi, mtu anayetaka jiwe la urithi liachwe bila maandishi, na kulinyanyua tanzanite juu kwa vikucha vinne, hajafikiria jiwe lenyewe wala mkono utakaolivaa. Yule mzee wa pili alikuambia ukweli kuhusu jiwe. Mimi natofautiana naye kwenye uamuzi tu, na ili ujue kwa nini, lazima kwanza uelewe anachokiogopa.

Ugumu wa mawe hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kutoka 1 hadi 10. Almasi ni 10. Yakuti, iwe nyekundu au samawi, ni 9. Spineli, zile nyekundu na za waridi zinazotoka Mahenge, ni 8. Tsavoraiti ya kijani, inayochimbwa kwetu na kule Taita Taveta, Kenya, ni 7 na zaidi kidogo. Tanzanite iko kati ya 6 na 7. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kuna mpaka mmoja muhimu hapo katikati: madini ya kwazi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga, ni 7. Vumbi la barabarani lina chembe za kwazi. Ina maana kwamba jiwe lako linaweza kukwaruzwa na vumbi tu, na ukilifuta kwa kitambaa kikavu unalisugua kwa mchanga. Yakuti haina wasiwasi huo. Tanzanite inayovaliwa kila siku, baada ya miaka michache ncha za nyuso zake hulika, na ule mng'ao mkali ukafifia.

Mikwaruzo lakini inatibika; mkataji mzuri anaweza kulisugua upya jiwe likarudi kung'aa, ukipoteza uzito kidogo. Anachokiogopa zaidi yule mzee ni kupasuka. Tanzanite ina upande mmoja ambao fuwele yake hupasuka kwa urahisi, kama kuni inavyopasuka ukiipiga kufuata nyuzi zake. Pigo dogo likiangukia upande huo linatosha, na pigo hilo linaweza kutoka kwenye ukingo wa sinki, au nyundo ya sonara mwenyewe anapokaza dhahabu juu ya jiwe. Tena halipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Sonara aliyezoea almasi huweza kuunga pete kwa moto wa gesi huku jiwe likiwa limo. Akifanya hivyo kwa tanzanite, likipasuka asishangae. Kumbuka pia kwamba jiwe hili ni geni duniani. Lilianza kujulikana 1967, na jina la tanzanite lilitolewa 1968 na kampuni ya Tiffany ya New York. Usonara una karne nyingi, na umejengwa juu ya mawe magumu. Fundi hodari wa almasi hajawa fundi wa tanzanite mpaka ajifunze.

Je, ndiyo kusema lisiwekwe kwenye pete? Ninasema liwekwe, lakini kwa masharti mawili ambayo sitakulegezea.

La kwanza ni kuhusu kazi yako. Wewe ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Unanawa mikono kila mara, unapaka vitakasa mikono, unavaa na kuvua glavu, unashika vitanda vya chuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usafi wa mikono unawataka wahudumu wasivae pete wakati wa kuhudumia wagonjwa, kwa kuwa vijidudu hujificha chini yake, na vikucha vya pete hutoboa glavu. Hilo peke yake linamaliza mjadala wa kuivaa kazini. Kwa hiyo pete ya jiwe la baba iwe ya kanisani au msikitini, ya harusi za watu, ya Jumapili, ya siku unapotoka na mumeo. Siku za kazi, mkitaka alama ya uchumba, mchumba wako akununulie mviringo mwembamba wa dhahabu au hata wa fedha usio na jiwe, uuvae njiani na uuvue ukifika wodini. Kama moyoni unajua kwamba hutaweza kuiacha nyumbani, kwamba utaivaa tu kwa sababu umeivishwa, basi msikilize yule mzee na ufanye kidani. Hakuna aibu ndani yake. Kidani hakigongwigongwi kama pete.

La pili ni umbo la pete. Hapa ndipo nataka usome polepole, ikiwezekana na mchumba wako pembeni.

Achana na jiwe lililonyanyuliwa juu. Omba jiwe lizungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote, ukingo unaopanda kidogo juu ya ile sehemu jiwe lilipo pana zaidi na kulifunika kingo zake. Ukiigonga pete mezani, dhahabu ndiyo inapokea. Jiwe likae chini, karibu na kidole, ila ncha yake ya chini isiguse ngozi. Na nyuma pasizibwe: paachwe tundu mwanga upite na maji yapite unapoiosha, kwa sababu tanzanite iliyozibwa nyuma inaonekana nyeusi na hukusanya uchafu usioweza kuufikia. Wapo watakaokuambia ukingo unalificha jiwe na kulifanya lionekane dogo. Ni kweli linapungua kidogo kwa macho. Kwa karati 2.8 unayo nafasi ya kutosha ya kupoteza hicho kidogo.

Ukingo nao una hatari yake, na fundi mwaminifu atakuambia. Ili uikumbatie tanzanite lazima dhahabu isukumwe juu ya jiwe, na dhahabu ngumu inahitaji nguvu kuisukuma. Nguvu hiyo ndiyo inayopasua. Hapa, mwanangu, ndipo bangili ya mama mkwe inapokuwa jibu.

Mzee alikuwa sahihi kwamba karati 22 ni laini kwa mwili wa pete. Karati za dhahabu hupima usafi wake, si uzito kama karati za jiwe. Dhahabu tupu ni karati 24; ya 22 ina takriban asilimia 92 ya dhahabu, na pete nyembamba ya namna hiyo hupinda na kulika, na vikucha vyake hufunguka. Ya karati 18 ina asilimia 75, na iliyobaki ni fedha na shaba zinazoipa ugumu. Lakini ulaini uleule usiofaa kwa mwili wa pete ndio unaofaa kwa ukingo wa jiwe dhaifu. Dhahabu ya karati 22 husukumika taratibu kwa chombo cha mkono bila kupigwa nyundo, ikalala juu ya jiwe bila kulibana kwa ghafla. Wapo masonara wazuri wanaofanya hivyo: mwili karati 18, ukingo karati 22. Rangi zitatofautiana kidogo, ukingo utakuwa na unjano zaidi, na njano karibu na bluu ya tanzanite ni pambo lenyewe.

Fanya hesabu na fundi. Gramu 6 za karati 22 zina gramu 5.5 za dhahabu tupu. Tuseme gramu 1 itengwe ibaki hivyohivyo kwa ajili ya ukingo. Gramu 5 zilizobaki, zikiongezewa fedha na shaba mpaka zishuke kuwa karati 18, zinakuwa gramu 6.1 hivi. Hiyo inatosha pete ya mwanamke yenye mwili imara, na huenda kikabaki kitu. Kwa hiyo hutamwambia mama mkwe kwamba dhahabu yake haifai. Utamwambia ukweli, kwamba dhahabu yake ndiyo itakayolishika jiwe la baba yako, na nyingine itaongezewa nguvu ili pete isipinde. Mwambie mapema, kabla ya kazi kuanza, asije akasikia kwa watu kwamba dhahabu yake "imechanganywa". Mama anayetoa bangili yake anastahili kuelezwa inakwenda wapi.

Kabla ya kuyeyushwa, bangili ipimwe karati yake mbele yenu. Bangili za zamani zina sehemu zilizoungwa, na kiungio huwa na karati ya chini; fundi asipoziondoa, mchanganyiko wote unashuka, na kule kwenye ukingo unataka dhahabu iliyo safi. Ipimwe na uzito. Kulehemu, kupiga tupa na kung'arisha hupoteza dhahabu kidogo, hilo ni la kawaida kwa sonara yeyote, lakini kubalianeni tangu mwanzo ni kiasi gani na mabaki yatarudi kwa nani. Pete ikikamilika iombe igongwe alama ya karati. Kwa karati 18 alama ni 750.

Sasa hofu ya kaka yako. Siwezi kumwambia anaota, kubadilishiwa jiwe kunatokea. Dawa yake ni kulijua jiwe lako kuliko fundi anavyolijua. Arusha kuna Kituo cha Jimolojia Tanzania, cha serikali, ambako wanafundisha ukataji wa mawe na usonara na wanayatambua madini ya vito. Nenda na jiwe lako huko. Utakachotaka ni utambulisho kwamba ni tanzanite, uzito kwa mizani ya karati wenye tarakimu mbili baada ya nukta, na urefu, upana na kina kwa milimita. Karati 1 ni gramu 0.2 tu, kwa hiyo mizani ya dukani haikusaidii. Waombe pia wakuonyeshe kwa lenzi alama za ndani ya jiwe: mawe mengi ya asili yana zake, vidoa au vijishimo au nyuzinyuzi, na hakuna mawe mawili yaliyofanana. Ukishaziona mara moja utazitafuta tena siku ya kuchukua pete.

Kwa lenzi hiyohiyo waulize jambo moja ambalo jibu lake linaweza kubadilisha ushauri wangu wote: je, kuna ufa unaofika kwenye kingo za jiwe? Kama upo, mwanangu, ishia hapo. Jiwe lenye ufa kwenye kingo zake halivumilii kukazwa kwenye pete, hata kwa mkono mwepesi kiasi gani. Fanya kidani, na umshukuru yule mzee.

Kama jiwe ni zima, endelea, na ufahamu hili ambalo wateja wengi hawalijui: sonara hahitaji kukaa na jiwe lako muda wote. Anahitaji kulipima vizuri. Akiwa na vipimo vya milimita anaweza kuchonga mfano wa pete kwa nta, au kuitengeneza kwa mkono, akitumia jiwe la bei ndogo lenye ukubwa uleule kujaribia. Mwili wa pete utengenezwe, uungwe, uoshwe tindikali, ung'arishwe, kila kitu kinachohusu moto na dawa kiishe. Ndipo upeleke jiwe siku ya mwisho na ukae pale likiwekwa. Kukaza jiwe moja kwenye ukingo si kazi ya siku nzima. Kwa utaratibu huu tanzanite haikutani na moto kabisa, na hofu ya kaka inakosa pa kushika. Fundi anayekataa mteja asikae karibu anaweza kuwa na sababu zake, lakini kwa jiwe hili tafuta mwingine.

Kama itakubidi kuliacha, hata kwa usiku mmoja, iandikwe risiti: tanzanite moja, umbo la yai, uzito, vipimo vitatu, hali yake, tarehe, sahihi mbili. Na muulizeni waziwazi: likipasuka mikononi mwako, nani anabeba hasara? Masonara wengi hawabebi hasara ya jiwe la mteja, na wanayo haki ya kusema hivyo. Mimi namwamini zaidi yule anayesema hivyo mbele yangu kuliko anayeapa kwamba haliwezi kupasuka. Malipo yagawanywe: sehemu mwanzoni, sehemu mkikubali mfano wa nta, iliyobaki siku ya kuchukua.

Usikubali siku mbili. Kuchora, kukubaliana, kutengeneza na kurekebisha kunataka majuma kadhaa, na mwezi wa kumi na mbili masonara wamejaa kazi za harusi. Anza sasa.

Kidole kipimwe kwa pete za kupimia, siyo kwa uzi. Kipimwe zaidi ya mara moja, asubuhi na jioni, maana vidole huvimba kwa joto na baada ya zamu ndefu ya kusimama. Kwa pete yako kosa la kipimo lina gharama kuliko pete nyingine, kwa sababu kuipanua au kuipunguza baadaye kunataka moto, na kabla ya moto jiwe lazima litolewe kwenye ukingo na kurudishwa tena. Kila kutolewa ni hatari mpya.

Kuhusu shangazi, mheshimu na usibishane naye. Ukitaka kujua kwa ajili yako mwenyewe, mazoea ya kuona almasi kuwa ndiyo pete ya uchumba yamepewa nguvu kubwa na matangazo ya kampuni ya De Beers, ile kaulimbiu yao kwamba almasi ni ya milele ikiwa imetungwa 1947. Pete ya uchumba anayoivaa Catherine, mke wa Prince William, ni ya yakuti samawi. Jiwe la rangi si dogo mbele ya mtu yeyote. Na lako linatoka Mererani, wilayani Simanjiro, mahali pekee duniani tanzanite inapochimbwa, na lilichimbwa na baba yako. Shangazi huyo ni ndugu yake. Siku akiliona kidoleni mwako nadhani atasema mengine.

Ukishaipata, iweke kwenye kitambaa laini peke yake. Ukiichanganya na pete za almasi au yakuti kwenye kisanduku kimoja zitaikwaruza. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini wa mtoto, halafu uisuuze kabla ya kuifuta. Nyumbani kwetu tumezoea kusafisha dhahabu kwa ndimu, kwa majivu, kwa dawa ya meno. Vyote hivyo viache kwa pete hii. Usiichemshe. Ukienda kwa sonara kuisafisha, mwambie mapema ni tanzanite ili asiiweke kwenye ile mashine ya kutikisa maji wala kuipiga mvuke. Ivue unapopika, unapofua, unapoingia shambani. Kila mwaka mpelekee fundi aangalie kama ukingo bado umeshika, kwa kuwa karati 22 hulika.

Mwisho, usiendelee kutafuta sonara wa tatu na wa nne mitaani. Mrudie yule mzee. Alikukatalia kabla hajajua kwamba hutaivaa kazini, kwamba jiwe litazungushiwa ukingo wa karati 22, kwamba utamletea vipimo kutoka Arusha, na kwamba moto wote utakuwa umekwisha kabla jiwe halijafika mezani kwake. Mweleze yote hayo, na umwambie pia kwamba likipasuka hutamlaumu, kama kweli uko tayari kusema hivyo. Inawezekana akakubali. Akikataa tena, muulize kwa heshima: jiwe hili lingekuwa la binti yako, ungelipeleka kwa fundi gani? Mtu aliyekataa fedha yako ili asiliharibu jiwe atakutajia jina zuri.